Mwongozo Usiochapwa: Istilahi za Bao na Ulinganifu wa Nguvu katika Michezo ya Kariakoo

1.0 Utangulizi

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, aweza kulisikia neno bao katika mahali pawili pasipofanana hata kidogo. Pa kwanza ni kwenye kibaraza kilichosalia baina ya maghorofa, ambapo watu wazima wawili wameinamia ubao wenye mashimo 32 na watazamaji wamewazunguka. Pa pili ni katika chumba cha gemu, ambapo vijana wawili wameshika vidhibiti wakicheza soka ya kwenye skrini, na mmoja anamhesabia mwenzake mabao aliyomfunga. Huenda vijana hao hawajapata kushika kete maishani mwao. Hata hivyo, hesabu yao yote ya kushinda na kushindwa inafanywa kwa jina la mchezo wa wazee wao.

Wapenzi wa gemu duniani kote wana maswali mawili wanayoyajadili bila kuchoka. La kwanza ni la ulinganifu: mchezo utungweje ili wahusika wenye nguvu za namna mbalimbali waweze kupambana bila mmoja wao kuwa mshindi wa siku zote? La pili ni la kumbukumbu. Wengi waliokua katika miaka ya 1980 na 1990 wanavikumbuka kwa huzuni vitabu vya mwongozo vilivyouzwa pamoja na michezo ya enzi hizo, vikieleza nguvu za kila mhusika, njia za siri na namna ya kumshinda adui wa mwisho. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa maswali yote mawili yamekwisha kujibiwa katika bao, na kwamba jibu la swali la pili ni jambo la lugha. Mwongozo wa bao upo, tena ni wa kina, ila umehifadhiwa katika istilahi za mchezo wenyewe. Kuzieleza istilahi hizo ni kuufungua mwongozo huo.

2.0 Nguvu, udhaifu na kitabu

Desturi ya kuwagawa wahusika wa mchezo katika aina zenye kazi tofauti ilienea kutokana na mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Mchezaji alichagua kuwa mpiganaji, mchawi au kasisi. Mpiganaji alikuwa na mwili imara lakini hakujua uganga. Mchawi aliweza kuangamiza kundi zima kwa maneno machache, lakini pigo moja la rungu lilitosha kumwua. Michezo ya kompyuta ilirithi mgawanyo huo.

Hapa Kiswahili kinakutana na tatizo la istilahi. Neno la Kiingereza linalotumika kwa mgawanyo huo hufasiriwa upesi kuwa tabaka, lakini tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno tabaka limebeba maana ya mnyonyaji na mnyonywaji, na si rahisi kulivua mzigo huo. Daraja nalo lina kosa lake: lina wa juu na wa chini, ilhali shabaha ya mgawanyo huu ni kwamba asiwepo wa juu. Makala haya yanatumia neno aina, ambalo ni la kawaida mno lakini halidanganyi. Kwa upande wa pili, usawa nao hautoshi. Mpiganaji na mchawi hawako sawa na hawatakiwi kuwa sawa. Kinachotakiwa ni ulinganifu, yaani kila nguvu iwe na kinga yake na kila kinga iwe na gharama yake.

Kuufikia ulinganifu huo si kazi nyepesi. Mchezo wa Street Fighter II, ulioanza kuchezwa mwaka 1991, uliwapa wachezaji wapiganaji wanane wa kuchagua. Toleo lililofuata mwaka 1992 liliruhusu wapinzani wawili kumchagua mpiganaji yuleyule, na hivyo anayemlalamikia mpiganaji wa mwenziwe kuwa ana nguvu kupita kiasi akapewa nafasi ya kumchukua na yeye. Dawa hiyo ni ya zamani sana. Bao, kama itakavyoonekana, limejengwa juu yake.

Vitabu vya mwongozo viliishi vizuri kwa muda ambao mchezo, ukishauzwa, haukuweza kubadilishwa. Jarida la Nintendo Power lilianza mwaka 1988, na nyumba za uchapishaji kama Prima zilijipatia riziki kwa miongozo ya aina hiyo. Baadaye intaneti ilileta mambo mawili kwa pamoja. Maarifa yaliyokuwa yakiuzwa kitabuni yakapatikana bure. Na watungaji wa michezo wakapata uwezo wa kuirekebisha kila mara, wakipunguza nguvu za aina hii na kuongeza za aina ile. Kitabu kilichochapwa Januari kikawa kinaeleza mchezo ambao ifikapo Machi haupo tena. Prima ilitangaza mwaka 2018 kuwa inafunga shughuli zake za uchapishaji wa miongozo. Mwaka uliofuata, kampuni ya Blizzard iliufungua upya mchezo wake wa World of Warcraft, ulioanza mwaka 2004, katika sura uliyokuwa nayo mwaka 2006, kwa kuwa wachezaji wengi walikuwa wakiudai mchezo wa zamani. Inafaa kuliangalia dai hilo kwa makini. Hawakuwa wakidai mchezo wenye ulinganifu bora zaidi, kwani ule wa zamani ulikuwa na kasoro nyingi. Walidai mchezo uliotulia, ambao mtu akijifunza jambo lake moja leo, jambo hilo litakuwa kweli na kesho.

3.0 Mashimo na kazi zake

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo karibu naye, ya mbele na ya nyuma, na kete 32. Kwa kuwa kila upande una vitu vilevile, yaweza kudhaniwa kuwa suala la aina zenye nguvu tofauti halimo. Limo, ila limehamishwa kutoka kwa wachezaji na kuwekwa katika mashimo. Mchezaji haambiwi achague mhusika mmoja. Anakabidhiwa wote, na mpinzani wake vivyo hivyo.

Shimo kuu ni nyumba, la tano katika safu ya mbele ukihesabu kutoka mkono wa kushoto wa mchezaji, na aghalabu huchongwa kwa umbo la mraba. Mchezo unapoanza nyumba ina kete 6, na mashimo mawili yaliyo kuliani kwake yana kete 2 kila moja. Hizo ni 10. Zilizobaki, 22, ziko mkononi, na huingizwa moja moja kila zamu katika hatua iitwayo kunamua. Nyumba ina heshima ambazo shimo jingine halina. Ikiwa mchezaji anasambaza kete alizokula na ya mwisho ikaangukia katika nyumba yake ambayo ingali na kete 6 au zaidi, na hakuna cha kula mbele yake, ana hiari: aweza kulala, yaani kukomea hapo na kuiacha akiba yake, au kusafiri, yaani kuzizoa kete zote za nyumba na kuendelea kuzisambaza. Mashimo mengine hayana hiari hiyo.

Heshima hiyo ina gharama. Nyumba iko safu ya mbele, na safu ya mbele ndiyo inayolika. Mpinzani akipata shimo lenye kete linaloielekea, aweza kuila nyumba nzima kwa kete moja. Kadiri akiba inavyokua ndivyo hasara inavyokua. Aidha, nyumba ikishasafiri au ikishaliwa, heshima zake zimekwisha kwa mchezo huo wote, hata kama itajaa kete tena; inakuwa shimo kama mashimo mengine. Mchezaji asiye na cha kula, ambaye hana kete kwingine katika safu ya mbele ila nyumbani, haruhusiwi kuibomoa. Hutoa kete 2 tu na kuzisambaza. Hivyo nyumba ni mhusika mwenye nguvu nyingi anayefungwa na masharti mengi, na maamuzi makubwa ya hatua ya kunamua huizunguka: ikuzwe hadi lini, isafiri lini, iachwe iliwe kwa faida ipi.

Vichwa, yaani mashimo ya mwisho ya safu ya mbele kila upande, vina kazi nyingine. Kete zilizoliwa haziendelezwi kutoka pale zilipoliwa; huanza kusambazwa kutoka kichwani. Mchezaji aliyekula katikati huchagua kichwa cha kulia au cha kushoto. Lakini aliyekula kwenye kimbi, yaani kichwa au shimo la jirani yake, amepoteza uchaguzi huo: kimbi cha kulia humlazimisha kuanzia kulia, na cha kushoto humlazimisha kushoto. Kwa hiyo mashimo ya pembeni hutoa mlo na kunyang'anya uhuru. Fundi hodari humwachia mpinzani mlo wa kimbi makusudi, akijua ulaji huo utampeleka upande asioutaka.

Mashimo ya nyuma hayaliki. Usalama wao lakini ni wa ghala: katika kunamua hayawezi kuanzisha ulaji, na thamani yao huonekana baadaye, kete za mkononi zikishakwisha. Katika hatua hiyo ya pili, mchezaji huchukua kete za shimo lenye zaidi ya moja na kuzisambaza, akitafuta ya mwisho iangukie penye kete, mbele ya shimo la mpinzani lenye kete. Hapo pana kikomo kinachostahili kuelezwa: shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha ulaji. Kila mchezaji ana mashimo 16, kwa hiyo kete 16 zingezunguka upande wote na kurudi zilikotoka. Mwenye kujilimbikizia bila kiasi amejifunga mwenyewe.

Upo pia ulinganifu wa mwanzo, ambao watazamaji wengi huupita bila kuuona. Nyumba mbili hazitazamani. Mashimo matatu yenye kete ya mchezaji mmoja yanaelekea mashimo matupu ya mwenziwe, na kinyume chake. Matokeo yake ni kwamba anayeanza hana cha kula. Ni lazima asogeze kete zake bila faida, na kwa kusogeza huko aghalabu humfungulia mpinzani mlo wa kwanza. Faida ya kutangulia, ambayo katika michezo mingi ni tatizo sugu, imepunguzwa kwa mpangilio tu wa kete 20, bila kanuni hata moja ya ziada.

4.0 Maneno yanayofundisha

Mtu akiandika kanuni hizo kitabuni, kama zilivyoandikwa na wataalamu kadha, kitabu hicho kitamwezesha msomaji kucheza bila kukosea. Hakitamwezesha kucheza vizuri. De Voogt, katika utafiti wake wa mwaka 1995 kuhusu umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar, aliutazama mchezo kwa upande huo wa umahiri. Programu za kompyuta za kucheza bao nazo zimekwisha kuundwa. Lakini mwanafunzi wa kawaida wa bao hakuwa na kitabu wala kompyuta. Alikuwa na maneno, na maneno hayo yametungwa kwa namna inayobeba mafunzo ndani ya sarufi yake.

Mfano ulio bora ni ule wa takata. Katika lugha ya kawaida kutakata ni kuwa safi, na kutakasa ni kufanya safi. Katika bao, kutakasa ni kucheza zamu isiyo na ulaji: mchezaji hana cha kula, basi anapanga upya kete zake. Neno lenyewe linamwelekeza mwanafunzi jinsi ya kuitazama zamu hiyo. Si zamu iliyopotea. Ni zamu ya kufagia uwanja, kuondoa kete penye hatari na kuziweka penye kazi. Kutoka hapo sarufi inaongeza kiambishi cha kauli ya kutendea na kupata takasia. Kauli hii, kama ijulikanavyo, huweza kuonyesha jambo linalofanywa kwa faida ya mtu au kwa hasara yake: kumpikia mtu ni kumfaa, kumwibia ni kumdhuru. Kutakasia katika bao kuko upande wa kumwibia. Katika hatua ya mtaji, mchezaji akitakasa hivi kwamba katika zamu yake ijayo ataweza kula shimo moja tu la mpinzani, na mpinzani mwenyewe hana cha kula, basi mpinzani haruhusiwi kutakasa kwa kulitumia shimo hilo ili kulikimbiza. Shimo limetakasiwa. Kanuni hailigusi shimo la nyumba, wala shimo lililo pekee lenye kete katika safu ya mbele, wala lililo pekee humo lenye kete zaidi ya moja. Mtu hafungwi mpaka akose pumzi.

Kanuni ya takasia huwasumbua sana wanaojifunza bao kwa maandishi, na maelezo yake katika lugha za kigeni huchukua aya nzima yenye masharti juu ya masharti. Kwa mzawa wa lugha, nusu ya maelezo hayo imo katika mnyambuliko: takata, takasa, takasia, takasiwa. Kila hatua ya mnyambuliko ni hatua moja ya fikra ya mchezo, kutoka hali, kwenda tendo, kwenda tendo lenye kumlenga mwingine, hadi hali ya aliyelengwa.

Istilahi nyingine zinaeleza kwa njia yake kila moja. Mtaji ni jina la hatua ya pili na la shimo linaloweza kuleta ulaji. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Mtaji si mali iliyo ndani tu. Ni mali inayoweza kuzaa, na shimo lenye kete 20 zisizoweza kula si mtaji hata kidogo. Mwisho wa mchezo nao una majina mawili, yote yenye alama ya mahali. Safu ya mbele ya mchezaji ikiwa tupu, ameshindwa kwa hamna, na kiambishi mu cha ndani ndicho kinachosema: ndani ya mashimo hamna kitu, hata kama safu ya nyuma imejaa. Akishindwa hivyo kabla ya kete za kuingiza kwisha, ameshindwa mkononi, na hiyo ndiyo aibu kubwa, kwani amekufa maskini akiwa na akiba kiganjani.

Hata ngazi za kujifunza zimepewa jina. Bao la kujifunza huanza na kete 2 katika kila shimo, halina nyumba wala kunamua, na huingia moja kwa moja katika hatua ya mtaji. Kwa lugha ya wapenzi wa gemu, hiyo ni sura ya kwanza ya mwongozo: aina zenye masharti magumu zimeondolewa ili mwanafunzi azoee kusambaza na kula. Jina lenyewe linakiri kuwa lipo bao jingine mbele yake.

5.0 Kibaraza

Mwongozo wa maneno huhitaji mahali pa kutamkiwa. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliouteka mji mwaka 1916, ilikuwa kwa miongo mingi mtaa wa nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, na kibaraza mbele kikielekea barabara. Kibaraza hicho hakikuwa cha mwenye nyumba peke yake. Wapita njia waliketi, na palipokuwa na bao paliongezeka watazamaji, ambao ndio walimu halisi wa mchezo huu. Wachezaji wakishaanza huwa hawana nafasi ya kueleza. Mtazamaji ndiye asemaye kuwa shimo lile limetakasiwa, au kwamba fulani alipaswa kulala naye amesafiri. Mwanafunzi husimama nyuma akisikia neno na kuona tendo kwa wakati mmoja. Ndivyo zilivyopita kanuni hizi kizazi hadi kizazi, na tangu enzi za Muyaka wa Mombasa, aliyelitaja bao katika ushairi wake, hadi za Mwalimu Nyerere, aliyejulikana kwa kulipenda, haikuonekana haja ya kuzipiga chapa.

Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, na watu wengi walilisikitikia kama alama ya mji. Nyumba za vibaraza hazikupata maombolezo ya namna hiyo, kwa kuwa hazikuungua siku moja. Zimekuwa zikibomolewa moja moja na maghorofa ya maduka kusimama mahali pake, na ghorofa la biashara halina kibaraza. Hatua ya mlango wake ina kodi. Bao limesogea kwingine, chini ya miti na kwenye vijiwe vya mitaa ya nje. Pale linapokosa watazamaji hubaki na kanuni zake zote na kupoteza mwongozo wake.

Chumba cha gemu kimerithi baadhi ya kazi za kibaraza. Nako wapo wachezaji wawili walionyamaza na watazamaji wengi wasemao. Nako mashindano ya nguvu husawazishwa kwa makubaliano: ikiwa timu fulani ya Ulaya inaonekana kuzidi, wote wawili waichague, na ubishi umekwisha, sawasawa na dawa ya mwaka 1992 na ya bao lenyewe. Kilichopungua ni msamiati. Kijana huhesabu kwa bao, lakini mambo ya ndani ya mchezo, yaani kumzuia mpinzani asitoroke, kuacha kuendelea ingawa unaweza, kurundika akiba isiyofanya kazi, huyataja kwa maneno ya Kiingereza yaliyomo kwenye skrini au hayataji kabisa. Kutakasia, kulala na mtaji yangemfaa bila marekebisho yoyote. Neno kete lingali mitaani, lakini kwa bahati mbaya limepewa kazi ya kutaja kipimo cha dawa za kulevya, na mzazi akilisikia kwa mwanawe hushtuka.

Kamusi huziorodhesha istilahi za bao kila moja mahali pake pa kialfabeti, takasa mbali na lala, nyumba mbali na safiri, na kwa utaratibu huo uhusiano wao haurekodiki. Kazi iliyo mbele ya watafiti wa lugha ni kurekodi mazungumzo ya mchezo mzima, tangu kete ya kwanza ya kunamua hadi hamna, na kuyanukuu pamoja na hali ya ubao katika kila zamu. Kipaza sauti kisiwekwe mbele ya wachezaji. Kiwekwe kwa mzee aliyeketi ubavuni mwao, asiyecheza siku hiyo, kwa kuwa yeye ndiye atakayesema.